Wengi Wape, Kura Mbili, Namba au Orodha: Mifumo Minne ya Kura ya Uingereza, na Jinsi ya Kuchagua Upande

Mkenya anayeishi kihalali Glasgow, Uskoti, hata kabla hajapata uraia, anaruhusiwa kupiga kura, kwa sababu Kenya ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Ndani ya miaka michache atakutana na karatasi za aina tatu. Akichagua mbunge wa kwenda London ataweka alama moja ya X. Akichagua wabunge wa Edinburgh, lilipo bunge la Uskoti, atapewa karatasi mbili. Akichagua madiwani atapanga wagombea kwa namba: 1, 2, 3. Akihamia Cardiff, mji mkuu wa Wales, atakuta utaratibu wa nne. Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wako kwenye kundi lake. Mkongomani au Mrundi hana haki ya kuchagua mbunge wa London, ila Uskoti na Wales zimemfungulia mlango wa bunge la huko na wa halmashauri, mradi awe mkazi halali.

Nchi hiyo ni maabara ya uchaguzi, na wasomi wa siasa hawajaiacha ipumzike. Ndiyo maana kila mjadala wa mageuzi ya kura, uwe wa darasani au wa kijiweni, huishia kuitaja Uingereza. Kama umepewa insha uchague mfumo wa kuutetea, au wewe ni mpiga kura wa huko na hujui usimame upande gani, makala haya ni yako. Nasema mapema: kila mfumo kati ya hii minne una mtu unayemwumiza. Amua kwanza maumivu yepi unaweza kuyavumilia, kisha rudi kwenye mifumo.

Neno moja kuhusu majina. Hapa Uingereza ni Ufalme wa Muungano wote: England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini.

Vigezo

Nitaipima mifumo yote kwa mambo manne.

Kwanza, kura zinavyogeuka viti. Watafiti hutumia kipimo cha Michael Gallagher wa Chuo Kikuu cha Trinity, Dublin. Unachukua tofauti kati ya asilimia ya kura na asilimia ya viti kwa kila chama, unazipiga kipeo cha pili, unajumlisha, unagawa kwa mbili, unatafuta kipeuo cha pili. Sifuri maana yake kila chama kimepata haki yake kamili. Namba ikipanda, kuna aliyepunjwa.

Pili, mbunge wako ni nani, na ukiwa na shida unabisha hodi wapi. Tatu, karatasi yenyewe: ni rahisi, au inaharibu kura za watu? Nne, serikali inayozaliwa na muda inaodumu.

Wengi wape

Huu tunaujua wa Afrika Mashariki kuliko tunavyoujua ukoo wetu, maana ndio tuliorithi na ndio Kenya, Tanzania na Uganda zinaoutumia hadi leo kwa wabunge wa majimbo. Jimbo moja, mbunge mmoja, aliyeongoza kachukua, hata kwa kura moja. Bunge la London lina majimbo 650 ya namna hiyo.

*Kura na viti.* Tarehe 4 Julai 2024 Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411, yaani karibu asilimia 63 ya bunge. Reform UK ilipata asilimia 14.3 na viti 5. Liberal Democrats, waliokuwa nyuma ya Reform kwa kura, walipata viti 72. Ukigawa kura kwa viti, kila kiti cha Labour kiligharimu kura kama 23,600, na kila kiti cha Reform kura zaidi ya 820,000. Kwa kipimo cha Gallagher, uchaguzi huo ndio uliopotoka zaidi katika historia ya nchi hiyo.

Wengine hudhani tatizo ni udogo wa chama. Sivyo. Mwaka 2015 chama cha SNP cha Uskoti kilipata asilimia 4.7 ya kura za nchi nzima na viti 56, huku UKIP ikipata asilimia 12.6 na kiti kimoja. Kura za SNP zilikuwa zimerundikana mahali pamoja, za UKIP zimetawanyika kama mchele uliomwagika sokoni. Mfumo huu humlipa aliyekusanya na kumwadhibu aliyetapanya. Na si vidogo tu vinavyolia: mwaka 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Conservative na bado ikashindwa kwa viti. Februari 1974 kibao kikageuka, Conservative wakaongoza kwa kura, Labour ikaongoza kwa viti.

Ukitaka kuiona hesabu ikiwa na sura ya mtu, tazama South West Norfolk mwaka 2024. Liz Truss, aliyekuwa Waziri Mkuu, aling'olewa kwa tofauti ya kura 630, na aliyemshinda alikuwa na asilimia 26.7 tu. Wapiga kura karibu watatu kati ya wanne walimtaka mtu mwingine.

*Mbunge wako.* Hapa ndipo mfumo unapong'ara, na wakosoaji wake wengi hupapita haraka sana. Mbunge ni mmoja na anajulikana. Wabunge wengi hutenga siku za kuwasikiliza wananchi wa jimbo, na ofisi zao hupokea mafaili ya nyumba, posho na viza. Mhamiaji ambaye ombi lake limekwama serikalini huambiwa na wenzake neno moja: mwandikie mbunge wako. Hahitaji kuuliza yupi.

*Karatasi.* X moja, basi. Vituo vinafungwa saa nne usiku, na majimbo ya mwanzo, mara nyingi ya kaskazini-mashariki mwa England, hutangaza matokeo kabla ya usiku wa manane. Lakini urahisi wa karatasi unaficha ugumu wa kichwani. Mpiga kura anayependa chama cha tatu hulazimika kukisia majirani zake watafanya nini, kisha ampe kura yule anayemchukia kidogo ili amzuie yule anayemchukia sana.

*Serikali.* Mwaka 2024 Keir Starmer wa Labour aliingia Downing Street, ofisi ya Waziri Mkuu, siku iliyofuata kura. Hakuna wiki za vikao vya kugawana wizara. Watetezi huita hilo uthabiti, na kwa miongo kadhaa walikuwa na hoja. Lakini mwaka 2010 hakuna aliyepata wingi wa viti, Cameron wa Conservative akaungana na Clegg wa Liberal Democrats. Mwaka 2017 Waziri Mkuu Theresa May alibaki madarakani kwa kutegemea wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini. Na kati ya Julai 2016 na Julai 2024 mawaziri wakuu walikuwa sita, ukihesabu kuanzia Cameron anayeondoka hadi Starmer anayeingia. Mmoja wao alidumu siku 49.

Msomi wa siasa Mfaransa, Maurice Duverger, aliwahi kueleza kwamba mfumo wa aina hii huzaa vyama viwili vikubwa. Mwaka 1951 Labour na Conservative kwa pamoja walichukua asilimia 96.8 ya kura. Mwaka 2024 walichukua 57.4. Wapiga kura wameshahama, nyumba ya vyama viwili imebaki. Kwangu mimi, hapo ndipo penye mzizi wa mjadala wote wa mageuzi wa sasa.

*Unamfaa* anayetaka mtu mmoja wa kumlaumu, jimboni na Ikulu. *Haumfai* anayeishi katika ngome ya chama asichokipenda.

Kura mbili

Uskoti umeutumia tangu bunge lake lilipoanza mwaka 1999, na Baraza la London linautumia pia. Karatasi ya kwanza ni ya mbunge wa jimbo, kwa wengi wape. Ya pili ni ya chama, katika mkoa. Edinburgh ina viti 129: 73 vya majimbo na 56 vya mikoa minane. Viti vya mikoa havigawiwi kama pilau ya harusi, kila mtu sahani yake. Chama kilichokwisha kushiba majimboni hupunguziwa, na chenye njaa huongezewa.

*Kura na viti.* Mwaka 2021 SNP ilishinda majimbo 62 kati ya 73. Kwenye karatasi ya chama ilipata asilimia 40.3, lakini ikaambulia viti viwili tu vya mikoa. Chama cha Kijani hakikushinda jimbo hata moja, kilipata asilimia 8.1 ya kura za chama, kikapewa viti vinane. Anayeona namba hizo mara ya kwanza hudhani kuna mtu kaiba. Hakuna, ndivyo mzani ulivyotengenezwa. Lakini mzani una kikomo. Wales walipoutumia, viti vya fidia vilikuwa 20 tu dhidi ya majimbo 40, na mwaka 2021 Labour ilichukua nusu kamili ya bunge kwa asilimia 36.2 ya kura za chama. Kijiko kikiwa kidogo, hakipunguzi chumvi ya sufuria nzima.

*Mbunge wako.* Unao wanane: mmoja wa jimbo, saba wa mkoa. Hili hufurahisha wachache wanaopata mtu wa chama chao karibu, na huwakera wabunge wa jimbo wanaoona wenzao wa mkoa wakizunguka kwenye uwanja wao. Mtanzania ataukumbuka mjadala wa viti maalumu: huyu kachaguliwa na nani hasa? Swali ni lilelile, ingawa viti maalumu vimewekwa kwa ajili ya wanawake, na vya mikoa ya Uskoti ni vya kusawazisha vyama.

*Karatasi.* Mwaka 2007 Uskoti iliziweka kura zote mbili kwenye karatasi moja, na siku hiyohiyo ikaanzisha mfumo wa namba kwa madiwani. Zaidi ya kura 140,000 za bunge zilikataliwa. Uchunguzi ulioongozwa na Mkanada Ron Gould ulilaumu mpangilio huo, na uchaguzi uliofuata karatasi zilitenganishwa, madiwani wakahamishiwa mwaka mwingine. Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwenye hesabu ya kura zilizoharibika: wapo wanaodhani karatasi ya pili ni ya chaguo lao la pili. Kumbe hiyo ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa sura ya bunge.

*Serikali.* Mfumo ulisemekana hautaruhusu chama kimoja kutawala peke yake. Mwaka 2011 SNP ilipata viti 69 na ikatawala peke yake. Kabla ya hapo, kuanzia 2007, Alex Salmond wa SNP alikuwa ameongoza miaka minne mizima akiwa na viti 47 kati ya 129. Hiyo ni serikali ya wachache iliyodumu kuliko serikali kadhaa za wengi kule London.

*Unamfaa* anayetaka mageuzi bila kumwacha mbunge wa jimbo. *Haumfai* asiyependa kuona viongozi wa vyama wakipanga nani awe juu kwenye orodha ya mkoa.

Namba: kura inayohamishika

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu huu ndio mfumo unaosifiwa kuliko wote na kueleweka kuliko wote vibaya.

Ireland ya Kaskazini huchagua bunge lake kwa majimbo 18, kila moja wabunge watano. Mpiga kura anaandika 1 kwa anayempenda kuliko wote, 2 kwa anayefuata, hadi achoke. Ili kushinda lazima ufikie mgao. Tuseme kura halali ni 60,000 na viti ni vitano. Unagawa 60,000 kwa sita, yaani viti na kimoja zaidi, unapata 10,000, unaongeza moja: mgao ni 10,001. Aliyepita mgao huo kaingia, na ziada yake inahamia kwa namba 2 za wafuasi wake. Ikikosekana ziada, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahama. Mzunguko unaendelea mpaka viti vijae.

*Kura na viti.* Mwaka 2022 TUV, chama cha Waprotestanti wenye msimamo mkali, kilipata asilimia 7.6 ya namba 1 kote Ireland ya Kaskazini, kikaishia na kiti kimoja kati ya 90. Alliance ilipata asilimia 13.5 na viti 17. TUV ilipendwa sana na wafuasi wake, lakini nje yao ni wachache waliokuwa tayari kuipa namba ya pili au ya tatu. Alliance, inayokataa kujipanga upande wa Waprotestanti au wa Wakatoliki, ilizoa namba za chini kutoka kila kona. Basi mfumo huu unapima mambo mawili kwa pamoja: nani anakupenda, na nani anaweza kukuvumilia. Ukiuliza kama hiyo ni haki, wasomi wawili watakupa majibu matatu.

Historia yake inasema mengi. Serikali ya Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, iliufuta kwa uchaguzi wa bunge mwaka 1929 ikarudisha wengi wape. London iliurejesha mwaka 1973, wakati damu inamwagika, kwa sababu jamii iliyogawanyika haiwezi kuvumilia upande mmoja uchukue kila kitu milele.

*Mbunge wako.* Unao watano, na mara nyingi ni wa vyama tofauti. Mkatoliki na Mprotestanti wa mtaa mmoja wanaweza kila mmoja kupata mtu anayemwamini. Upande wa pili, wagombea wa chama kimoja hushindana wao kwa wao, na tabasamu la kwenye bango la pamoja halidumu.

*Karatasi.* Kuandika namba si kazi ngumu. Ngumu ni orodha ndefu. Uskoti, inayotumia mfumo huu kwa madiwani tangu 2007, imeonyesha jambo ambalo watafiti wa Ireland walishaliona miaka ya 1970: wagombea huorodheshwa kwa alfabeti, na chama kikiweka wawili, yule mwenye jina la herufi za mwanzo huelekea kupata namba 1 nyingi zaidi. Ukiitwa Zuberi, pole. Hesabu nayo ni ndefu: Belfast huhesabu kwa mikono, na kazi yaweza kuingia siku ya pili. Uskoti imekabidhi mashine.

*Serikali.* Usimlaumu mwana kwa makosa ya mama. Belfast imekaa bila serikali mara kadhaa, lakini chanzo ni masharti ya kugawana madaraka yaliyotokana na makubaliano ya amani ya 1998, ambayo hulazimisha pande mbili kuingia pamoja. Makala yanayotupia lawama hiyo mfumo wa kura yamechanganya mafaili.

*Unamfaa* anayetaka kuchagua mtu na chama kwa wakati mmoja, na jamii yenye mpasuko. *Haumfai* anayetaka kulala akijua mshindi.

Orodha ya chama

Wales iliamua kwa sheria ya 2024 kuacha kura mbili. Kuanzia uchaguzi wa Mei 2026 bunge lake lina viti 96, maeneo 16, kila eneo sita. Unaweka X moja kwa chama, au kwa mgombea binafsi. Chama kilishapanga nani wa kwanza na nani wa sita, na huwezi kugusa mpangilio huo.

*Kura na viti:* uwiano ni mzuri, ingawa kwa viti sita chama kidogo sana hakipenyi. Chenye zaidi ya kura moja kati ya saba katika eneo ndicho chenye uhakika wa kiti. *Mbunge wako:* unao sita, katika eneo kubwa lililotokana na kuunganisha majimbo mawili ya London. *Karatasi:* nyepesi kama ya wengi wape. *Serikali:* mazungumzo kati ya vyama yawe matarajio, na si dharura.

Kuna mkasa hapa. Jopo la wataalamu lililoongozwa na Profesa Laura McAllister lilipendekeza mwaka 2017 mfumo wa namba. Wanasiasa walilipongeza jopo, wakachagua orodha iliyofungwa, yaani mfumo unaowapa vyama nguvu zaidi. Mtafiti hutoa ushauri. Anayepiga kura bungeni ni yule aliyeingia kwa mfumo wa zamani.

*Unamfaa* anayepigia chama na hajali jina. *Haumfai* anayetaka kumwondoa mtu fulani bila kukiadhibu chama chake chote.

Vipi ule wa kura ya maoni ya 2011?

Mwaka huo Waingereza waliulizwa kama waache wengi wape kwa bunge la London. Mfumo uliopendekezwa ulikuwa wa namba pia, lakini katika jimbo la mbunge mmoja, kwa hiyo hauleti uwiano. Asilimia 67.9 waliukataa, na waliojitokeza walikuwa asilimia 42.2. Wapo wanaosema Waingereza walikataa mageuzi. Nadhani tusiende mbali hivyo: waliulizwa kuhusu mfumo mmoja, ambao hata wengi wa wapenda mageuzi hawakuutaka kwa moyo.

Ukiwa katika hali hii

*Unaandika insha ya kutetea wengi wape.* Acha hoja ya uthabiti, namba za 2016 hadi 2024 zitakuchoma. Jenga juu ya mbunge mmoja na uwezo wa kuiondoa serikali usiku mmoja.

*Unaandika dhidi yake.* Anza na 2015 badala ya 2024. Ulinganisho wa SNP na UKIP unaonyesha kasoro bila msomaji kukushuku kwamba unakitetea chama fulani kilichoko kwenye habari leo.

*Unatafuta takwimu za tasnifu.* Kwa tabia ya wapiga kura wa bunge la London, utafiti wa British Election Study umekuwepo tangu 1964 na takwimu zake zinapakuliwa bure. Ukitaka kuona namna watu wanavyopanga chaguo la pili na la tatu, nenda kwa madiwani wa Uskoti. Kwa kuwa mashine ndizo zinazohesabu, kuna takwimu za namba za wapiga kura kata kwa kata, hazina ambayo Belfast yenye hesabu ya mikono haina.

*Unafikiria nchi yenye makundi yasiyoaminiana.* Soma Ireland ya Kaskazini kwanza, ukitenganisha mfumo wa kura na masharti ya kugawana madaraka. Usianze na Uskoti.

*Unataka mageuzi yatakayopita bungeni.* Kura mbili zina nafasi nzuri, kwa sababu mbunge wa jimbo aliyeko kitini anaweza kujiona bado yumo.

*Unapiga kura huko huko.* Kwa bunge la London, angalia nani walikuwa wawili wa juu jimboni mwako mara iliyopita kabla ya kumpa moyo wako mtu wa nne. Edinburgh, ichukulie karatasi ya chama kwa uzito kuliko ile ya jimbo. Cardiff, soma majina mawili ya juu kwenye orodha, hao ndio unaowachagua hasa. Belfast, na kwa madiwani wa Glasgow, endelea kuandika namba mpaka ufike kwa wale usiowataka kabisa, na hao waache wazi.